Ngozi ya Plastiki

Draya yangu ya kwanza aliiua yeye. Ya pili ilifia mikononi mwake vilevile, ikitoa moshi, akanirudishia imefungwa kwenye kanga utadhani ananiletea mtoto mchanga. "Imechoka," akasema. Imechoka! Nilikuwa nimeinunua juzi tu. Baada ya hapo niliacha kumwambia "nirudishie draya uliyoazima, Fundi, nina mteja", maana yeye hakuwa anaazima. Alikuwa anaingia, anachomoa kwenye soketi, anatoka, na mteja wangu anabaki na kichwa kimelowa.

Jina lake sitalitaja, na sidhani kama wengi pale Mbugani walilijua. Mtaa wetu umejaa mafundi: wa simu, wa cherehani, wa pikipiki, wa majiko. Lakini ukisema "Fundi" tu, bila kuongeza neno, mtu alikuonyesha kile kibanda cha mabati ya bluu kilichobanana na saluni yangu. Alikuwa mama wa makamo nilipoanza kusuka pale, na alipoondoka wajukuu walikuwa wameshamzidi kimo. Kazi yake ilikuwa kuondoa mikwaruzo kwenye plastiki, basi.

Watu walikuwa wanacheka wakisikia. Plastiki si unatupa unanunua nyingine? Lakini kuna vitu havinunuliki tena. Kuna redio kubwa za zamani, kuna dashibodi za magari ambayo spea zake zimeshakwisha duniani, kuna kava la cherehani ambalo mtu aliachiwa na mama yake na hataki kulibadilisha. Hao ndio waliokuwa wateja wake. Walitoka Kyela mjini, walitoka Tukuyu, na wengine walivuka kutoka upande wa Malawi wakiwa na kipande chao kwenye rambo.

Shida ilikuwa kwenye ngozi. Hilo neno ni lake. Ukitazama dashibodi ya gari utaona plastiki yake haikulala laini. Ina vipele vidogovidogo na mikunjo, kama mkono wa mtu mzima. Ile laini haina maneno, alikuwa anasema. Ikikwaruzika unapiga msasa, unang'arisha, umemaliza, nenda kale. Yenye ngozi ukiipiga msasa umeiua. Mkwaruzo utaondoka, ndiyo, lakini utaondoka na ngozi yake, na pale pataachwa upara unaong'aa unaoonekana kuliko hata huo mkwaruzo. Mimi ni msusi, upara naujua. Nilimwelewa siku hiyohiyo.

Nilimtazama akifanya kazi miaka na miaka kupitia ule upenyo kati ya mabati yake na ukuta wangu. Kwanza alikuwa anaosha kwa sabuni ya unga na mswaki, kutoa mafuta ya mikono ya watu. Halafu anaupanua mkwaruzo kwa wembe, jambo ambalo lilinitisha sana mara ya kwanza, nikadhani kachanganyikiwa. Kisha anakigeuza kitu, anakwangua plastiki upande wa nyuma ambako hakuna anayetazama, na zile chembe anaziyeyushia ndani ya mkwaruzo kwa kile chuma cha moto cha mafundi redio. Inajaa, inavimba kidogo, anaisawazisha kwa msasa na maji. Sasa upara umekuja, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Anachagua mahali pazima kwenye kitu kilekile, anapapaka maji ya sabuni, halafu anapakaa silikoni, ile ya mafundi vioo. Ikikauka anaibandua, na ngozi yote imejichapa ndani yake. Hiyo aliiita muhuri. Kisha anaupasha upara moto kwa draya, draya yangu, huku ameziba kwa kiganja matundu ya nyuma yanayovuta hewa ili upepo utoke wa moto zaidi, na hiyo ndiyo siri ya vile vifo nilivyovisema. Plastiki ikianza kulegea anaukandamiza muhuri kwa kipande cha mbao na kutulia hapo mpaka papoe, akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Alikuwa anaimba vibaya, Mungu anisamehe.

Mwisho wa yote, anafumba macho. Alikuwa anapitisha kidole cha pete polepole kutoka kwenye ngozi ya zamani kuingia kwenye ngozi mpya, akitafuta mpaka. Kidole cha pete, kwa sababu hicho, alisema, hakina kazi nyingine, ngozi yake haijakomaa. Akikuta mpaka, hata wa unene wa unywele, anarudia kazi yote upya. Nilimwuliza kwa nini hatazami kwa macho kama watu wengine. "Macho yanahongeka," akanijibu. "Ukiweka kitu kivulini yanakubali, ukikipaka mafuta yanakubali. Kidole hakijawahi kunipendelea."

Hasira yake aliwawekea vijana waliokuwa wanaziba mikwaruzo ya pikipiki kwa rangi nyeusi ya viatu. Alikuwa anaiita poda. Akiona pikipiki imepakwa poda inapita, anasonya mpaka unasikia ng'ambo ya barabara. Na watu wa haraka hakuwavumilia. Wakala mmoja wa forodha kutoka Kasumulu alikuja na sanduku lake gumu la safari limechunika ubavu, akataka limalizike kabla ya basi la jioni, akasisitiza kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiingereza, akaja kumalizia kwa Kinyakyusa. Ilikuwa masika, mvua ya Kyela mnaijua, silikoni haikauki. Fundi akamvutia kigoda, akammiminia chai, akamwambia, "Basi kaa uipulize wewe." Alikaa, jamani. Alikunywa chai mpaka akasahau basi, na sanduku aliliacha akalifuata wiki nyingine.

Chai yake haikuwa na mwenyewe, kila aliyepita alikunywa. Msasa, hapana. Kipande cha msasa alikitumia mpaka kikawa karatasi tupu, na ukikigusa anakuuliza unakipeleka wapi. Kazini hakuna kilichokuwa nje ya mahali pake, ila nyumbani kwake ulikuwa unaruka sufuria kufika kwenye kiti. Kanisani alikuwa wa kwanza kunung'unika kuhusu mabinti na rasta zao ndefu, na kila Jumamosi mchana alikuwa kwenye kiti changu akidai nimsuke mtindo wa twende kilioni, ndogondogo, tena nisivute. Akivutwa anapiga kelele. Akifurahi na kazi anajitazama kwenye kioo, anasema "ndaga fijo, mwanangu", yaani asante sana, na kulipa analipa kwa ndizi. Nikiwa nimemwudhi siitwi mwanangu, naitwa Saluni.

Lililonishangaza zaidi ni udongo. Fundi alikuwa Mkisi wa ziwani, kule milima inakoingia majini ng'ambo ya Matema, ambako wanawake wanafinyanga vyungu. Mama yake alikuwa mfinyanzi, dada yake mpaka leo ni mfinyanzi, na ukipita sokoni Kyela ukauliza chungu kizuri utaambiwa cha Wakisi. Lakini nyumbani kwa Fundi hapakuwa na hata kigae. Maji ndoo ya plastiki, unga ndoo ya plastiki, maua ya plastiki juu ya runinga. Nilimletea chungu siku moja, zawadi ya Krismasi, nikijua nimempatia. Alikitazama, akakigeuza, akakipeleka kwa jirani.

Nilinuna, akaona, akanieleza kesho yake nikimsuka. Mama yake alikuwa na desturi. Chungu kikishachomwa na kupoa, hakikuteremshwa kwenye mtumbwi kwenda sokoni mpaka yeye apitishe midomo yake kuzunguka ukingo mzima. Alikuwa anasema hapo ndipo midomo ya watu itakapofika, sasa kama pana kitu kinachokwaruza kimkwaruze yeye kwanza. Na alimtaka binti yake afanye vilevile. Fundi alikuwa kijana, wenzake wakawa wanamcheka kwamba kwao wanabusu vyungu. Siku moja akakataa mbele ya watu. Mama yake akavunja vyungu vyote alivyovifinyanga binti, kimoja baada ya kingine.

"Nikaondoka," akasema. "Nikaja mjini nikaolewa na fundi redio. Yeye akatengeneza za ndani, mimi nikatengeneza kava. Mimi sibusu vyungu, mwanangu. Na usinivute hapo."

Mama yake alikufa hawajazungumza tena hilo jambo. Aliniambia hivyo kwa sauti yake ileile ya kuagiza chai, nami nikaendelea kusuka.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nianze kumkumbuka kwa uchungu. Mchana mmoja nilisikia harufu ya nyama ikiungua, nikachungulia kwenye upenyo. Fundi alikuwa amefumba macho, anaimba, na kidole chake cha pete kilikuwa kimelala juu ya kile chuma cha moto.

"Fundi, kidole!"

Akafumbua macho akakitazama. Hakushtuka. Alikitazama kama kitu ambacho mteja amekisahau mezani, halafu akakiondoa taratibu. Niliogopa, nisiwadanganye. Nilimshika mkono nikamvuta mpaka kwenye ndoo ya maji, naye akanifuata bila kubisha, na Fundi hakuwa mtu wa kunifuata mimi.

Ilikuwa sukari. Alikuwa anajua muda mrefu, dawa alikuwa anameza. Ila ganzi ya vidole hakumwambia mtu. Ilianzia kwenye ncha, ikapanda. Kule hospitali walimwambia ataizuia isiendelee, lakini kilichokwenda kimekwenda. Mikono yote miwili. "Bado nina macho," akaniambia, yeye aliyekuwa anayatukana macho miaka yote. Akaniapisha nisiseme.

Wiki zilezile akaja mzee wa Bujonde. Mzee huyu alikuwa mkulima wa kakao na mpunga, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikuwa na pikapu ya zamani iliyolala chini ya paa la majani tangu mke wake afariki, na sasa ameamua kuifufua. Injini imekubali, bodi imepigwa rangi, imebaki dashibodi. Aliileta yote, ameifunga kwenye shuka. Mkwaruzo mmoja mrefu, mzito, umeikata kutoka upande wa dereva mpaka upande wa abiria, na mingine midogo imeufuata. Miaka ya majembe na magunia yaliyorushwa ndani bila kutazama.

"Mama, mimi nataka ikae kama siku ile tuliyoinunua," akasema. "Mke wangu alikuwa anaifuta kwa kanga yake kila Jumapili. Nikiikalia hivi ilivyo naona aibu."

Alipoondoka, Fundi aliipakata ile dashibodi muda mrefu. Halafu akaniita kupitia upenyo. "Saluni. Hii ikinishinda, nafunga kibanda." Hakuwa anatania. Na mimi nikajua kwamba akifunga kibanda hatakuwa na pa kwenda asubuhi, kwa sababu yule mama bila kazi sikuwahi kumwona, hata siku ya msiba wa mumewe alikuwa na kipande cha msasa mfukoni.

Aliifanya kazi ile kwa macho. Alitoka nayo juani, akaingia nayo kivulini, akaigeuza, akaiinamia mpaka pua ikagusa. Draya yangu niliipeleka mwenyewe bila kusubiri aje kuichomoa. Kidole cha pete alikipitisha kama kawaida, kimefungwa bandeji, na nilikuwa naona kabisa kwamba hakimwambii kitu.

Mzee akaja kuichukua. Akaitazama, akatabasamu, akasema maneno mazuri. Halafu akapitisha dole gumba, lile dole la mkulima lenye sugu, akasimama katikati.

"Mama," akasema kwa upole, "hapa kama pana kilima."

Fundi akanitazama mimi. "Gusa," akasema. Nikagusa. Kilikuwepo, tena kirefu, ukingo mzima wa kiraka ulikuwa umesimama. Hata mtoto angeusikia. Nilitamani kusema uongo, naapa, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na huwa sijui kuficha. Akaitikia kwa kichwa, akaikunja shuka juu ya dashibodi, akamwomba mzee amwachie. Mzee akasema pikapu imesubiri miaka, haitakufa kwa kusubiri tena.

Kesho yake kibanda hakikufunguliwa. Alikuwa ameondoka na gari la asubuhi kwenda kwa dada yake ziwani, na dashibodi ameondoka nayo. Draya alikuwa ameirudisha, imefutwa, waya umeviringishwa vizuri kwenye meza yangu. Hiyo draya iliyoviringishwa ndiyo iliyoniliza. Hajawahi kunirudishia kitu vizuri hivyo, na nikaelewa kwamba hana mpango wa kuichukua tena.

Mvua zikaja zikaenda. Kibanda akakodi kijana wa vocha, akaziba ule upenyo kwa bango. Simu yangu Fundi alikuwa anapokea, anauliza wazima, anakata. Mpaka mzee wa Bujonde akaja saluni, akavua kofia, akasema amechoka kuendesha gari lenye shimo mbele yake. Imemalizika au haijamalizika, nimfuatie. Nikafunga saluni siku ya soko, nikatia draya kwenye begi. Msiniulize kwa nini. Niliitia tu.

Matema nilishuka, nikatembea ufukweni na wanawake waliokuwa wanarudi na vikapu vitupu. Kwa dada yake hapakuwa mbali. Uani vyungu vilikuwa vimeanikwa mistari mistari, vingine vibichi bado vyeusi kwa maji, na nguzo ya umeme ilikuwa imesimama mpya katikati yake, waya umeshaingia nyumbani. Dada mtu alikuwa amekaa chini anasugua chungu kwa jiwe. Nikamwamkia, "Mugonile," akaitikia, akanionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba bila kuacha kusugua.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenipa mgongo. Amekonda. Dashibodi ilikuwa mapajani, pembeni kuna pasi ya mkaa, mihuri ya silikoni, kipande cha mbao. Nilikuwa nataka kumwita, nikaacha, kwa sababu aliinyanyua ile dashibodi kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa, akafumba macho, akapitisha mdomo wake wa chini juu ya plastiki. Polepole, kutoka upande wa dereva kuelekea upande wa abiria. Akasimama. Akarudi nyuma kidogo. Akaendelea.

Jiwe la dada mtu liliteleza likagonga. Fundi akafumbua macho akaniona.

"Usicheke," akasema.

"Sicheki, Fundi." Na nilikuwa nalia, kwa hiyo haikuwa uongo.

"Kaa. Nawa mikono. Sasa tafuta."

Akaniwekea dashibodi mapajani. Nilinawa, nikafumba macho kama nilivyomwona akifanya miaka yote, nikaweka kidole cha pete. Nikaenda. Vipele, mikunjo, vipele. Nikarudi. Nikajaribu kidole kingine, nikajaribu na mkono mwingine. Ile ngozi ilikuwa moja mwanzo mpaka mwisho, kile kilima kilikuwa kimelala chini hata sijui kilikuwa wapi.

"Nimeshindwa," nikasema. "Fundi, imekwisha! Mzee atafurahi huyo, nakwambia..."

"Imekwisha nini. Weka mdomo."

Nilimtazama nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Kule mbele dada yake alikuwa ameacha kusugua, anasikiliza. Basi nikainama, mimi mtu mzima mwenye saluni yangu mjini, nikaweka mdomo kwenye dashibodi ya gari la mtu. Ilikuwa na ladha ya sabuni. Nikaenda taratibu, nikavuka katikati, na pale upande wa abiria nikasikia kitu. Uzi. Uzi mwembamba kabisa ambao vidole vyangu vizima viliupita mara zote bila kuuona.

Nikanyanyua kichwa. Yeye alikuwa ananisubiri, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Umeupata?"

"Nimeupata."

"Miaka yote ile," akasema, "nilikuwa nawarudishia watu vitu vina nyuzi kama hizo." Akaichukua dashibodi akairudisha mapajani kwake. "Mama yangu angekuwepo angenicheka mpaka akae chini. Mwambie mzee bado kidogo. Na hii pasi ya mkaa inanichafulia kazi." Akanyoosha mkono kuelekea kwenye begi langu, hakuuliza kilichomo. "Lete draya, Saluni."

Nikampa.